Forester SG5 otomatiki: mvumo wa kuja na kupotea kati ya 65 na 85, na gari kujikaza kwenye kona kali

Kusini_SG5
Mtwara

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa kufuatilia mlio kabla sijaanza kununua spea, maana vitu vingi vya Subaru huku Mtwara tunaagiza Dar, na ukiagiza kitu kisicho sahihi umeshapoteza hela ya kitu, nauli ya kifurushi na muda.

Gari ni Subaru Forester SG5 ya 2004, injini ya 2.0 isiyo na tabo, gia otomatiki ya hatua nne, AWD (magurudumu yote manne yanavuta). Imetembea kilomita 187,000. Njia zake ni lami ya Mtwara kwenda Lindi, na msimu wa korosho linapanda Tandahimba na Newala kwenye mchanga, mara nyingi likiwa na mzigo.

Dalili ziko tatu.

Ya kwanza ni mvumo mzito kati ya kilomita 65 na 85 kwa saa, mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta. Nikiachia mafuta unakatika. Nikikanyaga sana unapotea pia. Gari likiwa baridi haupo kabisa. Unaanza baada ya mwendo wa kama nusu saa, na unazidi nikibeba mzigo nyuma. Kuna siku hautokei kabisa.

Ya pili ni kugonga mara moja, "ngo!", nikitoa R kwenda D, na wakati mwingine nikiondoka kwenye tuta.

Ya tatu, gari likiwa moto nikikata kona kali wakati wa kupaki, linajikaza kama limeshikwa breki, tairi zinarukaruka.

Gereji moja imesema ni beringi ya gurudumu la nyuma kulia. Nyingine imesema difu la nyuma. Nyingine imesema gia boksi nzima ishushwe. Hakuna kilichobadilishwa mpaka sasa zaidi ya balansi ya magurudumu. Matairi ni 215/60R16 yote, mbele ni mapya, nyuma ni ya zamani lakini bado yana kashata (mistari ya tairi). Kwenye dashibodi hakuna taa iliyowaka.

Nianzie wapi?

---

Propela_na_Difu
Lindi

Mkuu, usinunue chochote kwa sasa. Maelezo yako tayari yana nusu ya jibu, sema umeyaweka pamoja kama ugonjwa mmoja, na mimi naona ni miwili au mitatu iliyokutana.

Mlio wa kuja na kupotea hautafutwi kwa masikio peke yake, unatafutwa kwa masharti yake. Jiulize vitu vitatu: unafuata mwendo wa gari, unafuata mguu kwenye mafuta, au unafuata usukani?

Beringi ya gurudumu inafuata mwendo na usukani. Ukiwa kwenye 70 ukiyumbisha gari taratibu kushoto, uzito unahamia kulia, beringi ya kulia ikiwa mbovu inanguruma zaidi. Ukiyumbisha kulia inapoa. Haijali kabisa kama umekanyaga mafuta au umeachia. Wewe umesema ukiachia mafuta mvumo unakatika palepale. Kwa hiyo yule aliyesema beringi ya nyuma kulia, mwambie asubiri.

Difu linafuata mwendo na mguu. Meno yakiwa yamelika upande wa kuvuta, linalia ukikanyaga, linanyamaza ukiachia. Yakilika upande wa kurudisha, ni kinyume chake. Lakini sauti ya difu huwa ni kilio chembamba, karibu na mluzi. Mvumo mzito unaousikia kwenye kiti si tabia yake.

Propela, ile shafti ya kutoka gia boksi kwenda difu la nyuma, pamoja na senta beringi yake (inayoishika katikati) na krosi zake (viungo vyake vinavyokunja), inafuata mwendo na mguu vilevile, ila sauti ni nzito, na mara nyingi ina dirisha: inaingia kwenye 65, inatoka kwenye 85. Hapo ndipo ningeelekeza macho.

Sivi (viungo vya ekseli) za ndani za mbele zikilika zinatikisa gari ukikanyaga sana kwenye mlima, na kutulia ukipunguza. Kwako ni kinyume, ukikanyaga sana mvumo unapotea. Angalia tu mipira yake, hasa ule wa ndani ulio karibu na bomba la moshi, maana joto linaukausha, unapasuka, grisi inamwagikia bomba na kutoa harufu ya kuungua. Sivi za nje zinapiga "tak tak tak" ukikata kona huku unavuta. Hujazitaja, ziache.

Sasa vitu vya bure vya kuondoa kwanza, gari likiwa limesimama:

Washa injini, weka P, panda taratibu kutoka mizunguko 1,500 mpaka 3,000 kwa dakika. Kama kuna mtetemo wa bati unatokea kwenye mzunguko fulani, hayo ni mabati ya kukinga joto ya ekzosti. Hewa ya chumvi ya huku pwani inakula bolti zake, bati likipata moto linatanuka na kuanza kupiga. Yanadanganya watu wengi kwa sababu nayo yanakuja na kupotea.

Kisha fungua boneti, mtu akanyage breki ya mguu kwa nguvu, hendibreki juu, abadilishe R na D huku wewe umesimama pembeni, si mbele ya gari. Tazama kile kifimbo kilichoshika juu ya gia boksi na ukuta wa kabini. Kina bushi mbili za mpira na bolti mbili tu. Mpira ukipasuka, injini inayumba na kupiga "ngo!" ile uliyoieleza. Ni spea ndogo na kazi fupi. Angalia pia maunti ya gia boksi kwa chini, kama imelowa oili mpira wake huvimba na kulegea.

Ukishafanya hivyo rudi utuambie.

---

MchangaWaMsimbati
Mtwara

Naheshimu maelezo ya mkuu hapo juu lakini msiipuuze beringi haraka hivyo. Beringi za nyuma za Forester zinajulikana kwa kuchoka mapema, na gari linalopita mchanga na maji ya chumvi ndilo linaloteseka zaidi. Oili sili ikikatika, mchanga unaingia, na mwanzoni kelele inakuwa ya vipindi.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Sakafu iwe ya saruji na tambarare, kabari kwenye matairi ya mbele pande zote mbili, inua nyuma yote miwili na uweke kwenye stendi, usitegemee jeki. Injini izimwe, gia N, hendibreki ishushwe. Zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, mkono mwingine ushike koili ya springi. Beringi mbovu utaihisi kwenye vidole kama mchanga unasagika, hata kama masikio hayasikii kitu. Halafu shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Ukihisi mchezo wowote kwenye habu, hiyo imekwisha.

Kitu kingine: kokoto ikinasa kati ya diski na kile kibati cha nyuma yake, inasaga, inanyamaza, inasaga tena. Watu hufungua habu nzima kumbe ni jiwe.

Na kwa faida ya wengine, beringi ya nyuma ya SG5 inaingizwa kwa presi. Ukiona fundi anaigonga kwa nyundo na kipande cha bomba, ondoka na gari lako. Nyundo inapitisha pigo kwenye gololi za ndani, inaacha alama kwenye njia yake, na beringi mpya itaanza kuvuma muda si mrefu.

---

Propela_na_Difu

Sawa kabisa mkuu, kipimo cha koili ni kizuri na akifanye. Ninachosema ni kwamba kipimo kitangulie, beringi ifuate.

---

Klachi_ya_Nyuma
Masasi

Mimi nazungumzia dalili ya tatu, kwa sababu ukiiacha itakula gia boksi, na nadhani ndiyo inayochochea ya kwanza.

Kwenye otomatiki hii ya hatua nne hakuna difu la kati. Magurudumu ya mbele yanaendeshwa moja kwa moja, na ya nyuma yanapata nguvu kupitia klachi ya sahani nyingi iliyoko mkiani mwa gia boksi, ndani ya ATF (oili ya gia boksi otomatiki). Kompyuta inaibana na kuiachia kwa solenoidi (vali ya umeme). Unapokata kona kali, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo klachi lazima iteleze kidogo. Ikikataa kuteleza, gari linajikaza na tairi zinaruka.

Kuna sababu nne za kukataa: matairi hayalingani, ATF imechoka, solenoidi au waya wake umekufa, au ngoma ya klachi imechimbika na sahani zinakwama kwenye mitaro.

Anza na matairi. Umesema mbele mapya, nyuma ya zamani. Namba ya ubavuni kufanana haitoshi. Subaru wanataka mzingo wa matairi yote manne usipishane zaidi ya milimita 6 na kidogo. Ukigawa hiyo kwa hesabu ya duara, ni tofauti ya kashata ya milimita 1 tu! Chukua futi ya fundi cherehani au utepe usiovutika, zungushia kila tairi katikati ya kashata, upepo ukiwa sawa, andika namba nne.

Tuseme mbele kashata ni milimita 8 na nyuma ni 4. Kipenyo kinapishana milimita 8, mzingo unapishana milimita 25. Kwa tairi ya 215/60R16 hiyo ni asilimia 1.2. Kila kilomita moja gurudumu la nyuma linazunguka karibu mara 6 zaidi ya la mbele, na kwa difu la 4.444 (propela inazunguka mara 4.444 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu) propela inapishana na gia boksi kama mizunguko 26. Kutoka Mtwara mpaka Lindi, kilomita 100 na ushei, klachi imeteleza zaidi ya mizunguko 2,600 kwenye barabara iliyonyooka. Joto lote hilo linaingia kwenye ATF. Ndiyo maana baridi halionekani, moto linaonekana.

Kipimo cha pili ni fyuzi ya FWD (kuvuta kwa mbele tu). Kwenye chumba cha injini kuna kijisanduku kidogo cha fyuzi kilichoandikwa FWD, kiko tupu. Zima injini, chomeka fyuzi ya ampea 15, washa. Taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi, na kompyuta itaiachia klachi ya nyuma. Gari likiwa moto, likate duara kali kwenye uwanja mkavu wa saruji au lami.

Likiwa huru kabisa na fyuzi, basi solenoidi na waya ni wazima na klachi inaachia. Tatizo liko kwenye matairi au ATF.

Likiendelea kujikaza, solenoidi haifanyi kazi au sahani zimenasa. Hapa elewa jambo moja: solenoidi hii ikikosa umeme, klachi inabana yote. Kwa hiyo waya uliokatika unatoa dalili ileile ya klachi iliyonasa. Tazama taa ya AT OIL TEMP ukiwasha gari. Ikimetameta mfululizo baada ya injini kuwaka, kompyuta ya gia imehifadhi kosa, lisomwe kwanza kabla ya kufungua chochote.

Fyuzi ni ya kupimia. Ukimaliza itoe.

ATF: ukifungua bolti ya chini inatoka sehemu tu, kama lita 4 hadi 5, nyingine inabaki kwenye toki konveta na mifereji. Kwa hiyo kumwaga mara moja si kubadilisha. Mwaga, jaza kiasi kilekile kilichotoka, endesha mpaka ipate moto na klachi ifanye kazi, mwaga tena, mara tatu. Pima kwa kijiti gari likiwa moto na injini inawaka.

Na mwangalie fundi anafungua bolti ipi. Chini ya Forester otomatiki kuna bolti tatu zinazokaribiana: ya oili ya injini, ya ATF, na ya difu la mbele. Difu la mbele lina oili yake, kama lita 1.2 ya GL-5 75W-90, na kijiti chake kidogo. Kuna magari yamemwagwa ATF badala ya oili ya injini, kisha injini ikaongezewa lita 4 juu ya zilizokuwemo.

---

Hertz_Kilwa
Kilwa Masoko

Naongezea njia ya kutofautisha gurudumu, propela na difu bila kufungua bolti hata moja. Inahitaji simu yenye programu ya kuonyesha masafa ya sauti (mitetemo kwa sekunde, Hz), ziko za bure.

Kwanza jua tairi yako inasogea kiasi gani kwa mzunguko mmoja. Weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari mpaka alama irudi chini, pima. Kwa 215/60R16 yenye uzito wa gari juu yake tarajia karibu mita 2.03, pungufu kidogo ya ile ya futi, kwa sababu tairi inabonyea.

Halafu endesha kwenye mwendo ambao mvumo uko wazi, lakini soma mwendo kwenye GPS ya simu nyingine. Spidomita za magari mengi zinasoma juu kidogo. Mtu mwingine ashike simu, si dereva. Tuchukue 72 kwa sababu ni mita 20 kamili kwa sekunde:

Gurudumu: 20 gawa kwa 2.03, ni kama mizunguko 9.9 kwa sekunde.
Propela, kwa difu la 4.444: karibu 44 kwa sekunde.
Krosi iliyokwama: inasukuma mara mbili kwa kila mzunguko wa propela, kwa hiyo karibu 88.
Meno ya difu, yakiwa 40 kwa 9: karibu 394.

Kwa hiyo ukiona mlima mmoja (kilele kwenye mchoro wa programu) kwenye 44, fikiria propela isiyo na balansi au mpira wa senta beringi. Ukiwa kwenye 88, fikiria krosi. Ukiwa karibu na 400 na unapanda na mwendo, fikiria difu. Beringi ya gurudumu haitoi mlima mmoja uliochongoka, inatoa msitu wa sauti zilizotawanyika.

Angalizo, maikrofoni za simu nyingi ni dhaifu chini ya 50. Ukikosa kitu kwenye 44 usiseme hakipo. Weka simu juu ya chuma cha reli ya kiti, isiwe mkononi, itachukua mtetemo vizuri zaidi.

Rudia kwenye 80. Kama mlima umehama kutoka 88 kwenda 97, unafuata magurudumu. Kama umebaki palepale, ni bodi au bati linalotetema kwa masafa yake. Na kwenye mwendo uleule wa 72, toa gia kwenye D uweke 3, injini ipande. Mlima ukihama, ni wa injini au ekzosti. Ukibaki, ni kuanzia gia boksi kwenda nyuma.

---

Kusini_SG5

Wakuu nashukuru sana. Majibu ya vipimo:

Mabati ya ekzosti: moja la katikati lilikuwa limelegea, limefungwa kwa klampu. Mvumo haukubadilika.

Kifimbo cha juu ya gia boksi: bushi ya upande wa ukuta imepasuka, injini inayumba waziwazi ikitoka R kwenda D. Kimewekwa kipya na ile "ngo!" ya R na D imeisha. Ya kuondoka kwenye tuta imebaki, ndogo.

Beringi za nyuma: hakuna mchezo, koili kimya pande zote mbili.

Matairi: mbele 2,086 na 2,085. Nyuma 2,061 na 2,063.

Fyuzi ya FWD: taa imewaka, gari likiwa moto limekata duara huru kabisa. Taa ya AT OIL TEMP haimetameti.

Simu: kwenye 72 kuna mlima kwenye 88, mkali. Kwenye 80 unahamia 97. Kwenye 3 haukuhama. Nikiwa na fyuzi ya FWD mlima unapungua lakini haupotei.

ATF ni ya kahawia, haina harufu ya kuungua.

---

Hertz_Kilwa

Mara mbili ya propela, mkuu. Hiyo ni krosi. Usipeleke hela kwenye difu.

---

Propela_na_Difu

Vipimo vizuri sana, na sasa vinaelezana.

Nyuma ni ndogo, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yanataka kuzunguka haraka kuliko ya mbele. Klachi inayaunganisha, matokeo yake nyuma inazuiwa na propela inabebeshwa mzigo wa kinyume. Ukiachia mafuta, mzigo huo unabaki upande mmoja, krosi imekazwa, kimya. Ukikanyaga sana, mbele inateleza kidogo, nyuma nayo inaanza kusukuma, mzigo unahamia upande wa pili, krosi imekazwa tena, kimya. Kati ya hapo, mguu mwepesi, mzigo kwenye propela uko karibu na sifuri na krosi iliyolika inacheza katikati ya uwazi wake. Huo ndio mvumo wako. Matairi hayakuua krosi peke yake, lakini yanaiweka pale pabaya kwenye kila kilomita.

Suala la mzigo nyuma: msidhani propela inabadilisha pembe. Difu la nyuma la Forester limefungwa kwenye fremu ya chini ya bodi, halipandi na kushuka na magurudumu. Kinachobadilika ni nguvu inayodaiwa nyuma, si pembe ya propela. Zinazobadilika pembe ni ekseli za nyuma, na hizo hazizunguki kwa kasi ya kutoa 88.

Kushusha propela:

Gari liwe juu ya stendi nne, nyuma iwe juu kidogo kuliko mbele ili ATF isimwagike nyingi mkiani mwa gia boksi. Ekzosti ipoe, kisha kipande cha kati na cha nyuma kitoke, pamoja na bati la kukinga joto, bila hivyo hufiki. Kabla ya kugusa bolti, weka alama ya rangi kwenye flanji (uso wa kuungia kwa bolti) ya propela na flanji ya difu. Irudi kama ilivyotoka, la sivyo unaweza kuzalisha mtikisiko mpya. Fungua bolti nne za nyuma, kisha bolti mbili za senta beringi huku mtu ameshika propela, isining'inie kwa krosi. Ivute kutoka gia boksi polepole, usikwaruze sili. Ziba tundu palepale kwa plagi au mfuko wa nailoni uliofungwa kwa raba.

Ikiwa mezani, kunja kila krosi kwa vidole kwenye mihimili yake yote miwili. Nzima inakunja laini kama imetiwa grisi jana. Mbovu inakuwa na ngazi katikati, inanasa pale ilipokaa miaka yote, kisha inaachia. Tazama pembeni mwa vikombe. Unga mwekundu wa kutu maana yake grisi ilishaisha. Senta beringi izungushe karibu na sikio, na kandamiza mpira wake uone kama umechanika.

Wakati uko chini, mwaga oili ya difu la nyuma uione. Fungua ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Ukifungua ya chini kwanza na ya juu ikagoma, umebaki na difu kavu. Vizibo vina tundu la mraba la nusu inchi, kipande cha kurefushia soketi kinaingia bila soketi. Inaingia lita 0.8 ya GL-5 75W-90, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha si kawaida.

---

Ruangwa_5MT
Ruangwa

Samahani kwa kuingilia, yangu ni SG5 ya gia za mkono, ina mvumo wa kufanana. Naweza kutoa propela na kuendesha mbele tu ili nione kama mvumo utapotea?

---

Klachi_ya_Nyuma

Hapana kabisa! Ya gia za mkono ina difu la kati lenye kifungio cha mnato. Ukitoa propela, upande wa nyuma hauna kitu cha kushika, nguvu yote inakimbilia huko, na kile kifungio kinaburuzwa mpaka kinaungua. Hata fyuzi ya FWD huna.

Kwenye otomatiki kama ya Kusini inawezekana kusogeza gari mwendo mfupi bila propela, fyuzi ya FWD ikiwa ndani na mkia wa gia boksi umezibwa vizuri. Wewe tumia njia ya Hertz, ila soma kwanza namba ya difu lako, kuna za mkono zenye 4.111 na hesabu inabadilika.

Na kwa wote: msiinue magurudumu mawili tu mkawasha injini na kutia gia. AWD ikipata mshiko mbele, gari linaruka kutoka kwenye stendi. Ni manne juu au hakuna.

---

Kusini_SG5

Propela iko chini. Krosi ya katikati, nyuma ya senta beringi, ina ngazi kwenye mhimili mmoja na unga mwekundu. Ya mbele na ya nyuma ziko laini. Senta beringi inazunguka kimya lakini mpira una nyufa. Oili ya difu nyeusi, unga laini tu.

Tatizo: krosi hazina klipu, vikombe vimegongwa ukingoni. Fundi anasema anaweza kuchonga na kuweka krosi ya kawaida. Au niagize propela nzima?

---

Propela_na_Difu

Zilivyotoka kiwandani zimekandamizwa, hazikutengenezwa kubadilishwa. Kuchonga kunawezekana, lakini krosi mpya lazima ikae katikati kabisa. Ikihama hata sehemu ndogo ya milimita, propela inazunguka nje ya kitovu chake na kwa mizunguko zaidi ya 2,600 kwa dakika utapata mtikisiko wa 44 badala ya wa 88. Kama huyo fundi hana kipimo cha saa (dial gauge) cha kukagua kitovu wala mashine ya balansi ya propela, usikubali. Na usiruhusu kuchomelea vikombe, joto linaua ugumu wa chuma na linakausha grisi mpya kabla haijatumika.

Mimi ningechukua propela nzima ya mtumba iliyo nzima, na nifunge senta beringi mpya ikiwa bado mezani, kwa kuwa kazi ni ileile. Ukiongea na muuzaji wa Ilala au Kariakoo, mtumie hivi: picha ya kibati cha modeli chenye namba yote, si SG5 tu; kwamba ni otomatiki na haina tabo; urefu kutoka ncha ya meno ya mbele mpaka uso wa flanji ya nyuma; urefu kutoka ncha hiyo mpaka katikati ya senta beringi; idadi ya meno; na picha ya flanji na nafasi za bolti zake. Propela za otomatiki na za mkono hazifanani urefu, na kwa macho huwezi kuziona tofauti.

Mwambie akutumie video akikunja kila krosi kwa vidole kwenye mihimili yote miwili, propela ikiwa haina mzigo. Akikataa, tafuta mwingine.

---

Klachi_ya_Nyuma

Na matairi usiyasahau, propela mpya juu ya matairi yale inarudi kulekule. Dawa ni manne yanayolingana. Kama bajeti haifiki sasa, usihamishe mapya nyuma ukadhani umetibu, tofauti ni ileile imegeuzwa. Tafuta mawili ya mtumba yaliyo karibu na kashata ya nyuma yako, pima kwa futi dukani kabla hujalipa, na mapya yatunze mpaka upate mawili mengine ya aina hiyohiyo.

ATF mwage mara tatu kama nilivyoandika, baada ya matairi kulingana, si kabla. Halafu likate duara gari likiwa moto, bila fyuzi. Likiwa bado linajikaza hapo ndipo tuzungumze kufungua mkia wa gia boksi kutazama ngoma ya klachi, na kazi hiyo inafanyika gia boksi ikiwa ndani ya gari, asikudanganye mtu kwamba lazima ishushwe yote.

---

MchangaWaMsimbati

Ukifunga, bolti nne za flanji kaza kwa msalaba na tumia nati mpya. Baada ya safari ya kwanza ya Newala ingia chini uzikague tena, pamoja na zile mbili za senta beringi.

---

Kusini_SG5

Nimepima: nimeandika urefu wote na kupiga picha za kibati na flanji. Natuma kwa muuzaji usiku huu, propela ikipanda basi la kesho nitaweka hapa namba za masafa kabla na baada, kwenye 72 na 80, matairi yakiwa yamelingana.